Saba iliyoniumbua ukweni

Mpenzi msomaji, kama ulishawahi kukalishwa barazani kwa baba mkwe mtarajiwa ukiwa umevaa shati la kuazima, basi mkasa huu nusu yake unaijua. Nusu iliyobaki ni ya namba. Usicheke, nasema kweli. Kilichotaka kunivunjia posa yangu si mwanamke mwingine wala si fitina za majirani, ni namba saba, moja tu, niliyoiandika kwa kalamu ya wino kwenye kitabu kisicho changu.

Ilikuwa Jumapili moja ya mwaka 2022. Mshenga wangu alishapeleka barua Temeke wiki mbili nyuma, na bahasha yake ndani, kila kitu kwa utaratibu. Badala ya jibu ukaja ujumbe kwamba mzee anataka kumwona kijana mwenyewe. Moyo ukaanza kudunda kama mdundiko, maana mwenzenu nilikuwa na jambo. Miezi mitatu kabla ya siku hiyo, kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini niliyokuwa naifanyia kazi ilinipunguza. Nilikuwa nimechacha vibaya sana, na sikumwambia mtu. Kila asubuhi natoka Manzese nimechomekea, napanda daladala nikigombania siti kama mtu anayewahi kazini, nashuka Mnazi Mmoja, nakaa chini ya mti mpaka jua lipungue ukali ndipo narudi. Hata Zuhura, mchumba wangu mwenyewe, alikuwa anajua niko ofisini.

Basi bwana, nikafika Temeke na pamba zangu za nguvu. Zuhura akanikaribisha, akaniambia baba anaswali, anakuja sasa hivi, yeye akaingia jikoni. Nikabaki mimi na feni. Pembeni ya kiti cha mzee palikuwa na kigoda, juu yake kitabu cha Kiingereza kilichochakaa, vile vya mitumba vinavyopangwa chini kando ya barabara kule Posta. Nikakifungua. Kimejaa miraba na namba, sudoku kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na mmoja ulikuwa umefika nusu.

Kwa ambaye hajawahi kuliona dude hili, chukulia mtaa wa Uswahilini wenye nyumba tisa zilizopangwa tatu tatu. Kila nyumba ina vyumba tisa, kwa hiyo mtaa mzima una vyumba 81. Wapangaji ni namba 1 mpaka 9. Katika nyumba moja namba haikai na pacha wake. Halafu kuna mistari tisa ya kulala na tisa ya kusimama inayokata mtaa mzima, na humo nako hakuna namba kujirudia. Wapangaji wachache umewakuta wameshahamia, waliobaki unawatafutia vyumba wewe. Hakuna kujumlisha wala kutoa. Hata uliyekuwa unapata sifuri ya hesabu shuleni unaruhusiwa, kwa sababu namba pale ni sura tu. Ungeweka picha za matunda tisa, mchezo ungebaki ule ule.

Mimi nikajifanya mjanja. Nikaona nyumba moja haina saba, na chumba fulani hakigombani na saba yoyote, si juu, si chini, si kushoto, si kulia. Nikachukua kalamu ya mzee, nikaandika. Nilitaka akija akute kijana ana akili. Kumbe ile saba ingeweza kukaa na chumba cha jirani vile vile, ila sikuangalia. Kutogombana na mtu si ushahidi kwamba hapo ndipo kwako, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye.

Mzee akatoka. Mstaafu wa uhasibu, mwembamba, miwani imefungwa kamba shingoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, kijana. Karibu, kaa."

Akakaa, akachukua kitabu, akakitazama. Akakitazama tena. Hakusema kitu. Akaanza kujaza, huku ananiuliza maswali taratibu kama mtu asiye na haraka ya dunia.

"Kazi zinaendaje huko?"

"Zinakwenda vizuri baba."

Akaandika tatu. "Mizigo mingi?"

"Mingi sana baba, siku nyingine tunakesha."

Akaandika nane. "Na hao mabosi wenu wanalipa kwa wakati?"

"Kwa wakati kabisa baba. Juzi tu hapa wametuongeza."

Msomaji, hiyo nyongeza hata mimi sijui ilitoka wapi. Mdomo ukishazoea unajiendesha wenyewe. Tukaenda hivyo karibu dakika arobaini, yeye namba, mimi uongo, shati la watu limeloa mgongoni. Mara kalamu ikasimama. Mzee akavua miwani, akaifuta na kanzu, akaivaa tena. Kwenye mstari mmoja zilikuwa zimekutana nne mbili.

"Humu ndani," akasema, "kuna mtu kadanganya."

Nikajikausha. Akanigeuzia kitabu, akaweka kidole juu ya ile saba yangu. Ndipo nikaona. Saba zote za mzee zina kimstari katikati, kama wahasibu wa zamani walivyofundishwa isije ikadhaniwa moja. Yangu ilikuwa uchi.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu, baba. Nisamehe."

"Nimeiona tangu nilipokaa. Nikasema ngoja niifuate nione itanifikisha wapi. Sasa tazama, imeniharibia namba ishirini, na zote nilizitoa kwa hesabu safi. Tatizo si hizi nne. Hizi zinalia tu. Aliyezipiga yuko kule juu."

Sijui nini kilinipata. Pengine joto, pengine uchovu wa miezi mitatu ya kukaa chini ya mti Mnazi Mmoja. Nikasikia sauti yangu inasema, "Baba, kazi sina. Waliniachisha." Nikaeleza yote, na daladala, na benchi, na ile nyongeza hewa. Nilipoinua macho nikamkuta Zuhura kasimama mlangoni na sinia la juisi ya ukwaju. Sijui alikuwa pale tangu lini. Akaliweka sinia mezani polepole, wala glasi haikulia, akaingia ndani. Hakutoka tena siku ile.

Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akaniambia, "Barua yako naiweka kabatini. Sijaikubali na sijaikataa. Jumapili ijayo njoo, na uje na penseli. Kalamu ya wino huna ruhusa nayo."

Wacha washikaji wanicheke kijiweni! "Mwenzetu anasomeshwa tuisheni ukweni." Nikaenda hivyo hivyo. Kila Jumapili, kitabu katikati yetu, na sharti lake moja: kila namba ninayotaka kuandika, kwanza niseme kwa nini.

"Hapa ni tano, baba."

"Kwa nini?"

"Naona kama..."

"Hapa hatuoni kama. Sababu."

Na sababu zipo, ndugu yangu, ukitulia. Tuseme nyumba tatu za juu. Ya kushoto ina tano mstari wa kwanza, ya katikati ina tano mstari wa tatu. Basi nyumba ya kulia tano yake haina ujanja, lazima ilale mstari wa pili. Ukikuta kwenye mstari huo vyumba viwili vina watu, kilichobaki ndicho chake, andika ulale usingizi. Hiyo ndiyo njia ya kwanza, na kwa mafumbo mepesi inatosha. Magumu yanataka penseli kweli kweli. Unaandika vijinamba vidogo pembeni ya chumba, wapangaji wote wanaoweza kuingia, halafu unafuta mmoja mmoja. Nilichokipenda kuliko vyote ni cha vyumba viwili katika nyumba moja vinavyogombewa na wawili wale wale, tuseme 2 na 6. Hujui nani anaingia wapi, lakini unajua hakika kwamba wengine wote wa nyumba ile si 2 wala si 6, kwa hiyo unawafutia kote. Yaani hujui jibu, na bado unasonga mbele! Mara ya kwanza nilipofanya hivyo bila kuambiwa, mzee alisema "mh" tu. Kwa mzee yule, hiyo ni nishani.

Jina lenyewe nalo lina kituko chake. Watu wengi wanadhani mchezo huu umezaliwa Japani, lakini aliyeutunga anaaminika ni Mmarekani mzee, Howard Garns, msanifu majengo mstaafu wa jimbo la Indiana. Ulitoka katika majarida ya mafumbo ya kampuni ya Dell mwaka 1979, wakati huo ukiitwa Number Place, na jina la Garns halikuwekwa juu ya fumbo. Alifariki 1989, kabla dunia haijapagawa. Kampuni ya Nikoli ya Tokyo iliudaka mwaka 1984, na bosi wake, Maki Kaji, akaupa jina refu la Kijapani lenye maana kwamba tarakimu lazima ziwe kapera. Likafupishwa, ndiyo sudoku. Kaji alifariki Agosti 2021. Nilipomweleza mzee habari ya ukapera, aliniangalia juu ya miwani akasema, "Kwa hiyo wewe umefuzu jina, bado mchezo."

Uliopeleka moto Ulaya ni mkono wa jaji mmoja. Wayne Gould, mtu wa New Zealand aliyekuwa jaji Hong Kong, alikiona kitabu cha mafumbo haya dukani Tokyo mwaka 1997, akakaa kama miaka sita akiandika programu ya kompyuta ya kuyatengeneza, kisha akalishawishi gazeti la The Times la London, likaanza kuyachapa Novemba 2004. Mwaka uliofuata magazeti yalikuwa yanagombania. Wataalamu nao hawakubaki nyuma. Mwaka 2005 ilipigwa hesabu ya njia zote za kuujaza mtaa, ikapatikana namba ya tarakimu 22, inayoanza na 6,670. Na mwaka 2012 mwanahisabati Gary McGuire wa Dublin na wenzake walithibitisha kwa kompyuta kwamba fumbo lenye jibu moja tu haliwezi kuanza na wapangaji pungufu ya 17.

Lakini habari iliyomchekesha mzee mpaka miwani ikaanguka ni ya Australia. Mwaka 2008, huko Sydney, kesi ya dawa za kulevya ilivunjwa ikiwa imeshakula zaidi ya miezi mitatu na zaidi ya dola milioni moja za kule. Kisa? Baadhi ya wazee wa baraza walikuwa wanacheza sudoku kesi ikiendelea. Watu wakidhani wanaandika ushahidi kwa bidii, kumbe wanatafuta chumba cha nane! Mzee alicheka, akakohoa, akacheka tena, akaita ndani, "Zuhura, njoo usikie!" Zuhura hakuja.

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Mzee alishanizoea, ila binti yake alikuwa haniongeleshi. Wiki ya kwanza nilisema hasira. Wiki ya pili nikasema ataniita. Ya tatu nikaacha kusema. Nilikuwa nimeshapata kibarua cha kuandika stoo katika duka moja la vipuri Gerezani, si kazi ya kujisifia lakini ni ya kweli, nikamtumia ujumbe kumweleza. Kimya.

Jumapili ya nne akatoka mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha baba yake, mzee akiwa kaenda msikitini. Akachana ukurasa wa nyuma wa kile kitabu, akanipa.

"Andika," akasema.

"Niandike nini?"

"Kila ulichonidanganya. Siku kwa siku. Sitaki maelezo."

Msomaji, hilo fumbo ni gumu kuliko yote niliyowahi kupewa pale barazani. Nikaandika. Siku niliyosema nina mkutano. Siku niliyompigia nikasema niko bandarini, kumbe nyuma yangu muuza kahawa anagonga vikombe. Shati la bosi. Sikukuu niliyosema nimepewa zamu. Nikafika kumi na tatu, nikampa. Akasoma yote bila kubadilisha uso.

"Kuna moja umeiruka."

Nikajifanya kufikiri. Nilikuwa naijua. Ni elfu themanini aliyonipa mwezi wa pili, nikamwambia nitarudisha mshahara ukitoka, wakati mshahara wenyewe nilijua haupo. Niliiacha makusudi nikidhani kaisahau. Nikachukua penseli, nikaandika ya kumi na nne, chini kabisa.

Akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia kwenye pochi, akaenda jikoni. Baada ya muda akaniletea maji ya kunywa, akakaa, tukamsubiri baba yake bila maneno mengi.

Elfu themanini nimesharudisha arobaini. Barua bado iko kabatini, na mshenga wangu ameacha hata kuuliza. Jumapili hii nakwenda tena Temeke, tumefikia ukurasa ule wenye nyota tano, na safari hii mzee amesema kalamu ya wino nitaruhusiwa kuishika, ila si kuandikia saba.