Barua kutoka Ujerumani: Jigso Inayostahili Kununuliwa

Mpangaji anayehamia katika fleti nchini Ujerumani mara nyingi hukabidhiwa jiko tupu, yaani chumba chenye mabomba ya maji yaliyotokeza ukutani na soketi za umeme, pasipo kabati, sinki wala kaunta, kwa kuwa mpangaji aliyetangulia huwa amezing'oa samani zake za jikoni na kuhama nazo. Kwa mtu aliyezoea Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, ambako fundi seremala huitwa nyumbani, akapima, akapatana bei na kuanza kazi, desturi hii ni mtihani, kwa sababu ufundi wa mikono katika nchi hiyo hulipiwa kwa saa na kwa gharama kubwa, na fundi mwenyewe huweza kusubiriwa kwa wiki kadhaa. Hivyo Waafrika Mashariki wanaoishi huko hujikuta wakiwa maseremala wa nyumba zao wenyewe, na chombo cha umeme wanachokihitaji mara tu baada ya drili ni jigso. Na kwa kuwa chombo kama hicho mara nyingi hununuliwa kwa nia ya kupelekwa nyumbani siku za mbele, kwa ndugu mwenye karakana au kwa ujenzi unaoendelea polepole, uchaguzi wake unastahili kuelezwa kwa kirefu.

Jigso ni msumeno wa umeme unaoshikwa mkononi, ambao bledi yake, yaani ubapa mwembamba wenye meno, hupanda na kushuka kwa kasi chini ya mota, na wembamba huo ndio unaouwezesha kukata mikunjo na matundu ya katikati ya ubao ambayo msumeno wa mviringo hauwezi kuyafikia. Chanzo chake ni cherehani. Mwaka 1946 mhandisi Albert Kaufmann wa kampuni ya Scintilla, mjini Solothurn nchini Uswisi, aliondoa sindano ya cherehani na kufunga ubapa wa msumeno mahali pake. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ikaanza kuuza jigso ya mkononi kwa jina la Lesto, na mwaka 1954 Scintilla ikaingia mikononi mwa Bosch ya Ujerumani. Historia hii haifai kupitwa haraka, kwa maana inaeleza kwa pamoja uwezo wa jigso na udhaifu wake: sindano hupenya kitambaa laini, ilhali bledi hutakiwa kupasua ubao mgumu huku ikiwa imeshikwa upande mmoja tu, wa juu, na ncha yake ya chini ikiwa huru.

Udhaifu huo ndio mizani ya kupimia ubora. Bledi isiyo na mshiko wa chini hupinda inapokutana na ubao mnene, fundo la mti au mkono wenye haraka, na hapo mkato unaoonekana umenyooka kwa juu huwa umekwenda upande kwa chini, ukingo ukakosa kuwa wima na kipande kikakataa kukaa mahali pake. Jigso bora, kwa hiyo, ni ile inayoizuia bledi yake isipinde, na sifa nyingine zote huja nyuma ya hiyo. Wati nyingi si ushahidi wa ubora, kwa kuwa mota ya wati 500 hadi 800 hutosheleza karibu kazi zote za nyumbani. Vivyo hivyo kina cha kukata kinachochapishwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, ambacho huweza kufikia milimita 150, kisimvutie mnunuzi, kwa sababu bledi za kawaida zina urefu wa milimita 100 hivi kwa jumla, na zilizo nyingi zimekusudiwa mbao zenye unene usiozidi milimita 30 au 50.

Ukaguzi dukani huanza kwa kuigeuza mashine na kutazama nyuma ya bledi, palipo na rola ndogo ya chuma yenye mfereji ambamo mgongo wa bledi hutulia. Rola hiyo inapaswa kuzunguka bila kuchezacheza na kuugusa mgongo wa bledi sawasawa. Bledi ikishikwa ncha na kusukumwa kushoto na kulia, inayoyumba sana mkononi itayumba zaidi ndani ya ubao. Baadhi ya watengenezaji wameongeza mwongozo wa pande mbili karibu na mahali pa kukatia: jigso ya Carvex ya Festool, kampuni ya mjini Wendlingen, ina taya ndogo za kabidi, kitu kigumu kuliko chuma cha pua, zinazoibana bledi ubavuni, na P1cc ya Mafell, kampuni ya Oberndorf, husifiwa na maseremala wa Ujerumani kwa mkato wake ulio wima hata katika mbao nene. Bei za mashine hizi mbili ni za mamia ya euro, na hukumu ya haki ni kwamba mtu anayejenga jiko moja na rafu chache hana sababu ya kulipa kiasi hicho. Mashine za daraja la kati zilizokusudiwa mafundi, kama zile za buluu za Bosch, za Makita au za Metabo, zinamtosha kwa miaka mingi. Mashine za bei ya chini kabisa ndizo za kuepukwa, si kwa sababu ya jina lake bali kwa sababu rola na vishikio vyake huwa na nafasi ya kuyumba tangu siku ya kwanza.

Kitako, yaani bamba la metali ambalo mashine huteleza juu yake, nacho kina siri yake. Kilichosubuliwa kwa aluminiamu au magnesiamu hubaki bapa, ilhali cha bati lililokunjwa huweza kupinda mashine ikianguka mara moja tu, na tangu hapo hakuna mkato ulio wima. Kitako hulazwa hadi nyuzi 45 kwa mikato ya mshazari, lakini alama ya sifuri iliyochorwa kwenye mashine haiaminiki mpaka ihakikishwe kwa skwea kati ya kitako na bledi. Kuhusu mshiko, jigso huja kwa namna mbili: yenye mpini wa juu, ambayo wanaoanza huiona rahisi, na ile ambayo mwili wenyewe wa mota ndio unaoshikwa, ambayo huuweka mkono karibu na ubao na kupunguza kuinama kwa mashine. Namna ya pili inafaa zaidi kwa mwenye kutaka usahihi, ingawa mwenye viganja vidogo ni vyema aishike kwanza dukani.

Kasi hupimwa kwa mapigo, yaani idadi ya mara bledi inapopanda na kushuka katika dakika moja, na mashine nzuri huweza kurekebishwa kutoka mapigo 500 hivi hadi 3,000 na zaidi, kwa kuwa mbao laini hutaka kasi ilhali chuma na plastiki hutaka mwendo wa pole ili visiungue wala kuyeyuka. Swichi ya mwendo wa pendulamu, ambayo kwa kawaida ina ngazi nne kuanzia sifuri hadi tatu, huisukuma bledi mbele kila inapopanda, na kwa kuwa meno ya kawaida hukata yakipanda, mkato huenda haraka zaidi lakini huacha ukingo wenye nyuzinyuzi. Wengi huiacha swichi hiyo kwenye ngazi ya juu kwa kazi zote kisha wakailaumu mashine. Ngazi ya sifuri ndiyo ya mikunjo, ya chuma na ya mbao zilizofunikwa kwa tabaka jembamba.

Hata hivyo, mashine ya kifahari yenye bledi mbovu hushindwa na mashine ya wastani yenye bledi inayofaa, na hapa ndipo fedha ya mnunuzi inapozaa matunda. Leo bledi nyingi duniani zina shina la umbo la T, ambalo hupokewa na mashine za takribani kampuni zote kubwa na kufungwa bila kutumia zana yoyote. Mashine ya zamani inayotaka shina la umbo la U haifai kununuliwa hata kwa bei ya bure, kwa maana bledi zake zinazidi kuadimika. Maandishi yaliyogongwa kwenye shina nayo yana maana. T101B ni ya mkato safi katika mbao na plaiwudi, T144D ina meno makubwa ya kupasua haraka, T101AO ni nyembamba kwa mikunjo midogo, na T118A ni ya bati na chuma. Herufi F mwishoni huonyesha metali mbili zilizounganishwa, mgongo unaonyumbulika na meno magumu, ambazo hudumu zaidi na hazivunjiki upesi, na herufi R huonyesha meno yaliyogeuzwa ili yakate yakishuka.

Meno hayo yaliyogeuzwa ndiyo mkombozi wa kaunta ya jikoni. Kaunta nyingi za Ujerumani ni chipbodi, yaani vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, yenye unene wa milimita 38 na iliyovikwa tabaka gumu mfano wa fomaika, na tabaka hilo humeguka ovyo kwa bledi ya kawaida kwa sababu meno yanapopanda hulisukuma kutoka chini. Anayekata tundu la sinki huchora umbo lake kwa kufuata karatasi ya vipimo iliyokuja na sinki, hubandika utepe wa karatasi juu ya mstari, hutoboa kwa drili tundu moja katika kila kona kwa ndani ya mstari, kisha huingiza bledi na kukata bila pendulamu, akiikandamiza mashine kwa nguvu kwa kuwa meno yanayoshuka huirusha juu. Kabla ya mkato wa mwisho ni lazima kipande cha kati kishikiliwe kwa ubao uliofungwa kwa skrubu, la sivyo huanguka na kung'oa kona iliyobaki. Baada ya hapo ukingo ulio wazi hupakwa silikoni au vanishi pande zote, kwa sababu chipbodi ikinywa maji huvimba, na ikishavimba hairudi. Hatua hii ya dakika chache ndiyo inayorukwa zaidi, na kaunta nyingi huharibika kwa kukosa hiyo tu.

Vumbi si jambo la kupuuzwa. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na mvule, mti unaopendwa sana Afrika Mashariki, unajulikana kwa vumbi linalowasha ngozi na kuchochea pumu. Jigso inayofaa ina tundu la kuunganishia mashine ya kunyonya vumbi, na barakoa ni ya lazima hata hivyo. Kitabu cha maelezo pia hutaja kiwango cha mtikisiko, na kwa sheria ya Umoja wa Ulaya mwajiri hutakiwa kuchukua hatua mtikisiko wa mkono unapofikia wastani wa mita 2.5 kwa sekunde mraba kwa siku ya saa nane, na asiruhusu upite 5. Kuhusu makelele, jirani wa Ujerumani havumilii msumeno siku ya Jumapili, na sheria iko upande wake.

Yabaki masuala ya nyumbani. Umeme wa Ujerumani ni wa volti 230, karibu sawa na wa Tanzania, Kenya na Uganda, hivyo mashine iliyonunuliwa huko hufanya kazi nyumbani baada ya plagi yake ya pini mbili za mviringo kubadilishwa na fundi umeme kwa plagi ya pini tatu bapa. Ya Marekani, iliyoundwa kwa volti 120, huungua ikichomekwa moja kwa moja, na walioko Uingereza wajihadhari na mashine za rangi ya njano za maeneo ya ujenzi, ambazo ni za volti 110 na huuzwa rahisi zikiwa zimetumika. Jigso ya betri ina faida penye umeme wa kukatika, lakini betri huchakaa hata isipotumika sana, na mbadala wake wa kampuni ile ile si rahisi kupatikana mbali na miji mikubwa. Anayesafiri nayo kwa ndege hubeba betri za akiba mkononi, si katika mzigo wa chini, na kipimo kisichohitaji kibali cha shirika la ndege ni wati-saa 100. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 5, ambayo ni wati-saa 90, imo ndani ya kipimo hicho.

Mbao za nyumbani pia si za Ulaya. Paini ya Ujerumani hukatwa na bledi yoyote, lakini mkongo na mvule huishinda bledi ya bei rahisi, na mtiki una chembe za silika, kama zile za mchanga, zinazofifisha meno upesi. Seremala wa Muheza au wa Unguja anayechonga mbao za nakshi za roshani anahitaji bledi za metali mbili na bledi nyembamba za mikunjo kuliko anavyohitaji mashine ya gharama kubwa. Kwa hiyo anayemtumia ndugu yake jigso kutoka ughaibuni na achague ya waya, ya daraja la kati, yenye brashi za kaboni zinazoweza kubadilishwa, aweke jozi ya brashi za akiba ndani ya boksi, na fedha iliyobaki ainunulie pakiti za bledi zenye shina la T, baada ya kumuuliza ndugu huyo anakata mti gani.