Taa ya Injini Ikiwaka, Soma Namba Kwanza Ndipo Utume Hela

Wiki hii sizungumzii chulebuni wala mbolea ya kukuzia. Nimeulizwa mara tatu na wafanyabiashara wa kule ziwani kuhusu sensa ya oksijeni ya gari, na kwa kuwa somo hilo mimi mwenyewe nimeshalilipia, bora niwaandikie wote kwa pamoja.

Wengi mnalijua gari langu: Toyota Altezza ya 2001, injini ya 3S-GE ya cc 2,000, gia sita za mkono. Nililinunua kwa mtumishi mwenzangu aliyekuwa anahamishwa. Najua mnavyosema mkiniona nalo, bwana shamba na gari la vijana wa mjini. Mashambani napanda na pikipiki. Altezza ni ya lami, na tangu lami ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ikamilike nimekuwa nikishuka nalo ziwani kila nikipata nafasi.

Mwezi wa sita, asubuhi za baridi ile yetu ya kushika mifupa, taa ya injini ikawaka. Moshi ukawa na harufu ya petroli mbichi. Mimi huandika kila lita kwenye daftari, ni mazoea ya kazi, na daftari likasema wazi: gari lililokuwa linakwenda kilomita 10 kwa lita sasa lilikuwa linakwenda sita na nusu. Songea na kurudi ni kama kilomita 200. Hesabu mwenyewe. Lita 20 zimekuwa 31, na zile 11 za ziada zilikuwa zinatoka kwenye hela ya matumizi ya binti yangu aliyeko bweni.

Fundi aliposema "sensa", sikuuliza zaidi. Nilipiga picha ile iliyokuwa kwenye gari, nikamtumia muuza spea Dar es Salaam, akanijibu anayo ya mtumba inayofanana kabisa. Nikatuma 90,000 na nauli ya kifurushi kwenye basi. Ikafika, soketi ikaingia vizuri, tukafurahi. Gari likawa baya kuliko mwanzo, likitetemeka hata likiwa limesimama. Hela haikurudi.

Kosa lilikuwa langu, na ndilo ninalotaka usilirudie. Zipo sensa za aina mbili zinazofanana kama mapacha. Moja ni sensa ya oksijeni ya kawaida, inayotoa umeme mdogo wa kati ya volti 0.1 na 0.9 kulingana na hewa iliyobaki kwenye moshi. Nyingine hupima uwiano wa hewa na mafuta kwa namna tofauti kabisa, na kompyuta ya gari iliyozoea ile ya kwanza haiielewi hii ya pili. Kwa Toyota, angalia namba ya spea: ya oksijeni huanza na 89465, ile nyingine huanza na 89467. Yangu ilitakiwa 89465. Niliyoletewa ilikuwa 89467, imeandikwa hapo hapo ubavuni, na mimi ninayewakazania wakulima wasome lebo ya kiuatilifu kabla ya kufungua kofia sikuigeuza kuisoma.

Baada ya hapo nilikwenda kwa fundi wa umeme wa magari Songea, mzee mmoja asiye na haraka. Toyota nyingi za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazisomeki kwa vile vifaa vidogo vya bluetooth vya kuunganisha na simu. Yeye aliunganisha matundu mawili ya soketi ya uchunguzi kwa kipande cha waya, na taa yenyewe ikaanza kupepesa: mara mbili, ikatulia, mara moja. Hiyo ni 21, njia ya sensa ya oksijeni. (Usijaribu mwenyewe kama huyajui matundu, unaweza kuunguza kompyuta.)

"Sasa bwana shamba," akaniambia, "21 haijasema sensa imekufa. Imesema huko njiani kuna tatizo."

Akaichomoa soketi na kupima hita kwa mita. Sensa hii haifanyi kazi mpaka ipate moto wa zaidi ya nyuzi 300, kwa hiyo ndani yake kuna hita ya kuiamsha mapema. Kwenye Toyota hita nzima ya sensa ya kawaida husoma karibu ohm 11 hadi 16 ikiwa imepoa. Yangu haikusoma kitu, ilikuwa imekatika. Sensa isipoamka, kompyuta hukosa ulimi wa kuonja moshi, basi inamwaga petroli kwa kukisia, na inakisia kwa kuzidisha. Ukiendelea hivyo plagi zinajaa masizi, na baadaye masega ya kwenye ekzosi yanaungua. Ndiyo maana simkubalii anayesema "kata waya tu, litatembea." Litatembea kweli, lakini kwa mfuko wako.

Hapo niwaambie habari ya mama mmoja wa Liuli anayepeleka usipa Songea kwa Probox. Aliambiwa anunue sensa, akaja kuniuliza kwa sababu alisikia nimepata taabu hiyo.

"Mama, umeshapimiwa?" nikamuuliza.

"Wamesikiliza mlio tu, bwana shamba."

Kupima kukaonyesha ekzosi ilikuwa imepasuka mbele kidogo ya sensa. Hewa ya nje ilikuwa inaingia, sensa ikadhani mafuta hayatoshi, kompyuta ikaongeza. Alilipa hela ya kuchomelea akarudi zake ziwani. Kwa wengine huwa ni waya ulioguguniwa na panya, hasa gari likilala karibu na ghala la mahindi.

Yangu ilikuwa imekufa kweli, kwa hiyo ilibidi ninunue. Mpya ya kwenye boksi la Toyota niliambiwa bei nikaweka simu mezani. Ya mtumba yenye namba sahihi ilikuwepo, ila huwezi kujua imebakiza maisha gani. Ukiinunua, mwambie muuzaji aipime hita mbele ya mtu wako. Mimi nilichukua njia ya tatu: sensa mpya ya Denso ya waya nne isiyo na soketi. Denso ndio wanaotengeneza sensa nyingi za Toyota, hivyo hujashuka ubora, unaokoa bei ya soketi na boksi. Unakata soketi ya ile ya zamani na kuunga.

Rangi za waya zitakuchanganya. Kwenye Denso nyeusi mbili ni za hita, bluu ndiyo inayopeleka taarifa, nyeupe ni hasi. Kwenye Bosch nyeupe mbili ndizo za hita, nyeusi inapeleka taarifa, kijivu ni hasi. Na usikubali fundi aunge kwa risasi ya kuyeyusha: sensa huvuta hewa safi kupitia ndani ya waya, risasi inaziba. Tumia vibano. Gundi ya silikoni karibu na injini nayo iepuke, mvuke wake huiua sensa.

Daftari sasa linasema kilomita 9.8 kwa lita. Ile 89467 ipo mezani kwangu ofisini, nimeipima na hita yake ni nzima. Kama gari lako linaitaka, njoo na namba, siyo picha.