Nani Akae na Nani Bwawani

Ndugu msomaji, labda na wewe unafikiria kuchimba bwawa la samaki. Labda bonde lipo, maji yapo na jembe unalo. Kuchimba ni kazi ngumu, lakini watu huimaliza. Mimi nilishindwa na jambo jingine. Sikujua samaki gani akae na samaki gani. Kwa ajili hiyo nilikosana na wifi yangu, na mtoto wake nikamwita mwizi.

Mwaka 2013 mimi na wifi tulichimba bwawa chini ya shamba la migomba, huku kwetu Mkoa wa Ruvuma. Urefu wake ulikuwa mita 15 na upana mita 10. Upande wa juu maji yalifika magotini, upande wa chini yalifika kifuani. Mimi nilitoa shamba. Wifi alitoa fedha za kuwalipa vijana waliochimba na za kununua vifaranga vya samaki. Fedha hizo zilitoka katika magunia yake ya mahindi. Naye ni mjane, ana watoto watatu.

Tuliweka vifaranga 300 vya perege, yaani wawili kwa kila mita moja ya mraba. Tuliwalisha pumba za mahindi. Tukatia na samadi ya ng'ombe ili maji yawe ya kijani, maana ule ukijani ni chakula cha perege. Baada ya miezi minane tulitoa maji. Loo! Samaki walijaa, lakini karibu wote walikuwa kama kidole. Hata wale 300 wa kwanza hawakuzidi kiganja cha mkono.

Sababu ni hii. Perege huanza kuzaa angali mdogo, kabla hajafaa kuuzwa. Jike huyabeba mayai kinywani mwake mpaka yaanguliwe. Hata baada ya hapo, adui akija watoto hukimbilia kinywani mwa mama. Kwa hiyo wengi hupona. Ni mama mwema kweli kweli, lakini bwawa halipanuki. Chakula cha samaki 300 kililiwa na maelfu, na hakuna aliyeshiba.

Mtu mmoja sokoni aliniambia, "Mama, weka kambale. Yeye atawala hao watoto." Maneno hayo yalikuwa ya kweli, lakini yalikuwa nusu. Nami sikuuliza nusu ya pili.

Mvua zilipokuwa nyingi nilikwenda kwa wavuvi wa mtoni. Nikanunua kambale 12 walio hai. Kila mmoja alikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka kwenye vidole. Niliwatia bwawani siku ile ile tuliyoweka vifaranga wapya 300. Wifi sikumwambia. Nilitaka afurahi siku ya kuvua.

Mwezi wa kwanza, nilipomwaga pumba, perege walikuja juu wengi. Mwezi wa pili walikuja wachache. Mwezi wa tatu pumba zilielea mpaka jioni. Kambale sikuwaona, kwa sababu wao hukaa chini kwenye tope na hula zaidi usiku. Hata sikuwafikiria. Nilimfikiria mtoto wa wifi, wa miaka 11, ambaye watu walimwona na ndoana karibu na bwawa. Nikasema kisimani, mbele ya wanawake wenzangu, kwamba mtoto huyo anatuibia.

Wifi hakupiga kelele. Alisema, "Wifi, mwanangu hajaiba. Lakini kama ndivyo unavyosema, hatakanyaga tena kwako." Na kweli hakukanyaga, wala mama yake.

Ndipo nikatoa maji, peke yangu na mume wangu. Tulikuta kambale 12, wanene, na perege tisa. Tulipompasua kambale mmoja tulimkuta perege mzima tumboni. Nilikaa ukingoni pale mpaka jua likazama.

Kesho yake nilikwenda kisimani saa ile ile, nikasema mbele ya watu wale wale kwamba nilimsingizia mtoto. Wifi alikubali kunisamehe. Ila alitaka mahindi yake, na alikuwa na haki. Nilimlipa kwa mavuno mawili.

Halafu, kwa kuchelewa, nilimwita Bwana Samaki wa wilaya. Alinisikiliza, akacheka kidogo, kisha akaniuliza, "Mama, kinywa cha nani kinamtosha nani?" Hilo ndilo swali, ndugu msomaji. Kambale ana kinywa kipana. Samaki anayeingia humo ni chakula, asiyeingia ni jirani. Basi alinifundisha tuwatangulize perege peke yao, tusubiri mpaka wafike ukubwa wa kiganja, ndipo tuwatie kambale wadogo wa urefu wa kidole. Kambale hao hawawezi kuwameza perege wakubwa. Wanaweza kuwameza watoto wao tu, nasi ndivyo tunavyotaka. Tena wawe wachache: kwa perege 300 sisi tuliweka kambale 30. Na wote wawe wa ukubwa mmoja, kwa sababu kambale hulana wenyewe kwa wenyewe. Watu husema nyumba ya kambale baba ana ndevu na mtoto ana ndevu, lakini bwawani mwenye ndevu ndogo huliwa.

Alinipa na mfano wa Ziwa Victoria. Sangara hakuwa samaki wa ziwa lile. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ziwani walikuwamo furu, samaki wadogo wa aina mamia. Katika miaka ya 1980 sangara waliongezeka mno, na aina nyingi za furu zikatoweka. Ni kweli sangara waliwapa watu kazi na fedha. Lakini bwawa mtu huweza kulikausha akaanza upya. Ziwa nani atalikausha?

Kukausha kwenyewe kuna taabu yake. Kambale hujificha kwenye tope, na huweza kuishi mahali penye maji kidogo sana, maana huvuta hewa ya juu. Akibaki mmoja tu, vifaranga wako wajao ni chakula chake. Kwa hiyo liache bwawa likauke mpaka tope lipasuke. Na pale maji yanapoingilia, funga wavu wa matundu madogo, kambale wa mtoni asije bila kualikwa.

Mwaka 2016 tulivua perege wa kuuzwa, nao watoto wao walikuwa wachache. Wifi alikuja na kikapu chake. Alianza kuwachagua wakubwa bila kusema neno, kisha akanipa nishike upande wa pili wa kikapu.

Mtoto wake sasa ni mtu mzima. Siku ya kuweka kambale yeye ndiye hupima. Humlaza kila kambale kwenye kiganja chake, halafu huandika hesabu katika daftari. Anayezidi kidole humrudisha kwenye ndoo, nami sibishani naye.