Miche Miwili Dirishani

Nilirudi chuoni Kampala kutoka kwetu Laikipia, Kenya, nikiwa na tunda moja la dungusi kakati. Nililimenya kwa uangalifu, nikala, nikaosha mbegu. Kwa kuwa ganda lake ni gumu, nilizisugua kwa msasa, nikaziloweka usiku kucha, kisha nikazifukia juujuu katika kopo la mchanga. Siku ya 26 miche miwili ilichomoza, kila mmoja na majani mawili laini, bila mwiba.

Nilimpigia nyanya simu kwa furaha. Akanyamaza, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, umesahau mbuzi wetu?"

Sikuwa nimesahau. Wakati wa kiangazi walikula matunda hayo. Vimiiba vikawajeruhi midomo na matumbo, wengine wakafa. Mmea huo, uliotoka bara la Amerika, umeteka malisho mengi Laikipia. Nyani na tembo hula matunda yake na kusambaza mbegu.

Kumbe kinachonikumbusha mimi nyumbani ndicho kinachomnyima nyanya malisho. Jioni hiyo niliing'oa miche yote miwili. Mikono ilisita, lakini niliing'oa.