Namba Iliyompinga Bwana Fermat

Wasomaji wetu watauliza mwalimu ataka nini kuwaletea namba yenye tarakimu kumi, hali hatuna mali ya kuhesabiwa kwa namba kubwa hivyo. Namba yenyewe ni 4,294,967,297. Hupatikana hivi: shika 1, iongeze maradufu mara 32, kisha utie 1 juu yake.

Namba isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa nafsi yake huitwa namba tasa, kama 7 au 13. Katika mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse katika Ufaransa, ambaye hesabu zilikuwa starehe yake tu, aliona jambo la ajabu. Ukiongeza 1 maradufu mara 1, au mara 2, au 4, au 8, au 16, na kila mara ukatia 1, wapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Nazo zote ni tasa. Fermat akasadiki kwamba zote zinazofuata ni tasa vilevile. Alikiri katika barua kwamba hana uthibitisho, lakini hakuona shaka. Nani angempinga? Mashahidi watano walikwisha sema neno moja.

Ya sita ndiyo hii yetu. Kwa kuitazama juu juu haina dosari. Mwisho wake ni 7, basi 2 na 5 haziingii; jumla ya tarakimu zake ni 59, basi 3 haiingii; kwa 7 hubaki 5, na kwa 11 hubaki 5 tena. Mtu wa kujaribu hivyo angekuwa na namba tasa zaidi ya 6,500 mbele yake kabla ya kusema neno la yakini. Hata mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi, mwana wa mchungaji, naye ni kijana wa miaka 25 akifanya kazi St Petersburg katika Urusi, akatangaza kwamba namba hii yagawanyika kwa 641. Baadaye akaonyesha na njia: kila kigawanyo cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, hakina budi kubakiza 1. Katika namba tasa za jinsi hiyo, 193, 257, 449 na 577 zakataa. Ya tano ni 641, nayo yaingia.

Tuliwapa watoto wa darasa la sita kazi hiyo pasipo kuwatajia jina la mtu ye yote, maana hatukutaka wamwamini Fermat, wala Euler, wala sisi. Wakazidisha 6,700,417 kwa 641 ubaoni: 4,020,250,200, na 268,016,680, na 6,700,417, wakajumlisha, ikatokea ile ile. Kisha tukawasimulia habari yote. Mmoja akauliza, “Mwalimu, yule bwana hakujua kugawanya?” Alijua sana, kupita sisi sote, ila zile tano zilimtosha.

Tangu siku hizo hakuna nyingine iliyo tasa iliyopatikana katika safu hiyo, ijapokuwa mashine za leo zimejaribu nyingi. Ile ya saba ni 18,446,744,073,709,551,617. Mfaransa Landry ndiye aliyeivunja, mwaka 1880, kwa 274,177. Kigawanyo hicho hatujawaambia watoto; wameanza kwa 3.