Sababu ya Kuacha Kwetu Chama cha Wawindaji

Tangu mwezi wa Aprili mwaka 2023 watu wengi wa hapa Kiomboi wametuuliza njiani, "Mwalimu, mbona Jumamosi hatukuoni tena na mkuki?" Wengine huuliza kwa upole, wengine kwa kucheka, maana wamekwisha kusikia habari kwa vinywa vya watu. Kila mara tumejibu kwamba kazi ya shule imezidi. Jibu hilo si uongo mtupu, lakini si kweli yote. Na kwa kuwa hao watuulizao ndio wasomao gazeti hili, twaona ni afadhali kuiandika habari yenyewe mara moja, kuliko kuisema nusu nusu kila tukutanapo na mtu penye mashine ya kusaga.

Asiyeijua nchi yetu na afahamu kwamba Kiomboi iko juu, katika uwanda wa Iramba. Upande wa magharibi nchi yashuka kwa magenge mpaka mbuga ya Wembere, na katika magenge hayo mna vichaka vya miiba ambamo hata mbuzi akiingia hutoka amechanika masikio. Humo nguruwe mwitu hulala mchana kutwa, na usiku hupanda mashambani. Watu wa Iramba hulima mtama, uwele, mahindi, alizeti na viazi vitamu. Nguruwe hachagui sana, ila viazi avipenda kuliko vyote. Kundi moja likiingia shambani, asubuhi utadhani watu wamelima kwa plau. Nyani nao huja mchana kumaliza masalio.

Basi mwaka 2016 wanaume wa kitongoji chetu walipatana kuunda chama, jumla watu kumi na wanne, na sisi miongoni mwao. Ruhusa ilipatikana kwa serikali ya kijiji na kwa afisa wa wanyamapori wa wilaya, nayo ilikuwa ya nguruwe na nyani tu. Mkuu wa chama akawa mzee mmoja ambaye tangu ujana wake ajulikana kwa kusoma nyayo. Mzee huyo ndiye aliyetufundisha sisi kuwinda, tulipoletwa hapa tukiwa kijana asiyejua hata kushika mkuki. Alituita mwanawe, na mkewe alimlea mtoto wetu wa kwanza wakati mama yake alipougua. Twataja haya ili ijulikane kwamba mambo yaliyofuata si ugomvi wa watu wasiopendana. Sisi, kwa sababu ya ualimu wetu, tukapewa kushika daftari.

Jumamosi alfajiri watu hukutana chini ya mkuyu. (Wasabato hawakuingia chamani kwa ajili ya siku hiyo, wala hapana aliyewalaumu.) Vijana wenye mbwa huingia kichakani kwa juu wakipiga madebe, wenye mikuki na pinde hujipanga chini penye vijia, kila mtu nyuma ya mti wake, upepo ukimjia usoni. Hapo ndipo penye kungoja. Husikii kitu ila nzi na moyo wako mwenyewe. Kisha mbwa hubweka, na sauti yao hubadilika, na aliyezoea ajua kwa sauti hiyo peke yake kama ni nguruwe au ni sungura tu. Nguruwe dume akitoka, hutoka kama jiwe lililosukumwa mlimani, hampishi mtu. Tuliona mbwa mmoja akipasuliwa tumbo kwa jino, na mwenyewe akamshona palepale kwa sindano ya magunia, na mbwa akapona. Hatutaki kuficha: tulipenda sana mambo hayo. Juma zima tulisimama darasani na chaki mkononi, na masikio yetu yalikuwa magengeni.

Desturi ya kugawanya nyama ilikuwa hii. Aliyemtoa mnyama damu ya kwanza hupewa kichwa na paja moja. Mwenye mbwa aliyemshika hupewa kidari. Nyama iliyobaki hukatwa mafungu sawasawa juu ya majani, mtu mmoja hugeuza kisogo, na mwingine hugusa fungu kwa kijiti akiuliza, "La nani hili?" Yule wa kwanza hutaja jina bila kutazama, nasi huandika. Kwa muda wa miaka mitano hapakuwa na neno.

Neno la kwanza lilitoka kwa ndugu wawili Waislamu waliokuwa chamani. Hao hawali nguruwe, lakini mashamba yao yaliliwa kama ya wengine, nao walikimbia katika miiba kama wengine. Mwanzoni walirudi nyumbani mikono mitupu, na wenzao wakaenda kuwapalilia siku moja au mbili, ikawa kama malipo. Desturi hiyo nzuri haikuandikwa popote, na watu wakaisahau kidogo kidogo. Mwaka 2021 mmoja wao akauliza mbele ya wote, kwa nini fungu lake lisiuzwe, naye akapewa fedha. Wengine wakaona ni haki. Wengine wakasema kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuuza nyama ya porini pasipo kibali. Na kweli yakataza. Walakini baadhi ya hao waliosimama na sheria walikuwa wakiuza mapaja usiku vilabuni, na kila mtu alijua.

Tangu siku hiyo watu wakaanza kutazama ukubwa wa mafungu. Mwenye kugeuza kisogo akashukiwa kwamba huonyeshwa kwa kukohoa. Ikawa kuwinda ni saa tatu na kubishana ni saa nne. Nasi sasa twakumbuka kwamba sheria ile ile yasema wanyama wote wa porini ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao. Maana yake watu kumi na wanne waligombea mali ambayo haikuwa ya hata mmoja wao. Lakini wakati ule hatukufikiri hivyo. Tulikuwa tukiyatazama mafungu kama wenzetu.

Hata mwezi wa Machi mwaka 2023 likatoka dume kubwa kuliko yote tuliyopata kuyaona. Likapita mbele ya kijana mmoja, naye akalipiga mshale nyuma ya bega. Sisi tulikuwa hatua ishirini hivi kutoka kwake. Tuliuona mshale ukiingia, tukaiona na damu. Nguruwe akashuka mbio mpaka mahali pa mzee wetu, naye akamchoma mkuki, akafa. Tulipokusanyika mzee akasema kwamba damu ya kwanza ni yake, na mshale ulishika ngozi tu. Kijana akakana. Kelele zikawa nyingi. Ndipo mzee akatugeukia, akasema, "Mwanangu, andika." Hakutuambia tuandike jina gani. Yeye alijua, na sisi tulijua.

Tukaandika jina la mzee. Hatukushurutishwa na mtu. Tulijiambia kwamba paja la nguruwe ni kitu kidogo, na kwamba kijana atapata jingine, na kwamba mzee hatapata heshima nyingine akivunjiwa hii mbele ya watoto. Mtu akitafuta sababu za namna hiyo huzipata upesi.

Baada ya majuma mawili kijana yule alikuja nyumbani kwetu jioni, akaomba kuliona daftari. Alikuwa mwanafunzi wetu wa darasa la kwanza zamani; kusoma alifundishwa na sisi. Akaufuata mstari kwa kidole chini ya kila neno, kama tulivyomzoeza alipokuwa mtoto. Alipofika mwisho akalirudisha daftari kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mwalimu," akaenda zake.

Mwezi uliofuata chama kilikutana, na sisi tukasimama tukasema maneno mengi. Tuliwataja wauzao usiku, na wakohoao, na waliosahau kuwapalilia wale ndugu wawili. Tulisema kila neno la kweli isipokuwa lile la mstari wetu. Kisha tukatangaza kwamba tumetoka, tukaondoka na daftari kwapani. Watu sita wakatoka nyuma yetu wakaunda chama cha pili. Sisi hatukuingia hata huko. Tulirudi nyumbani tukijiona mtu mwenye haki.

Mwezi wa Agosti mwaka huo huo tulifuatana na mwinjilisti wetu mpaka Munguli, kijiji cha wilaya ya Mkalama, ambayo ilikatwa katika Iramba mwaka 2012. Hupita Nduguti, kisha huendelea upande wa ziwa Eyasi. Huko hukaa baadhi ya Wahadzabe, wale wawindaji wa upinde ambao wote pamoja hawazidi sana watu elfu moja, na lugha yao ina sauti za kidoko, wala wataalamu hawajaipatia lugha nyingine ya kuwa ndugu yake. Wako waalimu wawaitao watu hawa washenzi. Sisi nasi tuliwahi kusema hivyo, na twaona haya kukumbuka.

Wawindaji wakikutana huulizana habari za kuwinda. Basi tulimwuliza mzee mmoja wa kule kwa Kiswahili, watu wakigombana kambini juu ya nyama, hufanya nini? Akafikiri kidogo, akasema, "Mmoja huenda kutafuta asali."

Tukauliza, "Na akiisha kuipata hiyo asali?"

Akacheka. "Asali iko mbali," akasema.

Tulidhani ametufanyia mzaha. Baadaye tulipata kusoma maneno ya Mwingereza James Woodburn, aliyeanza kukaa na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuandika habari zao muda mrefu, tukaona kwamba mzee alitupa jibu kamili. Kambi yao haina mkuu wa kuamuru. Hapana mtu aliyefungwa kukaa na mwenziwe. Leo yupo, baada ya siku chache yupo na watu wengine. Mnyama mkubwa huliwa na kambi nzima, ila sehemu fulani ni za wanaume wazima peke yao. Hata mishale ya vyuma huchezewa kamari, ikawa yazunguka toka mkono hata mkono, ingawa upinde wa mtu hauwekwi rehani. Na walio na ugomvi huachana bila kuutaja ugomvi. Husema wanafuata chakula au maji.

Hatusemi kwamba desturi hiyo yatufaa sisi. Mwenye kubeba nyumba yake begani huondoka kwa urahisi. Mwaka 1964 na 1965 serikali ilijaribu kuwakusanya Wahadzabe wakae mahali pamoja, na wengi walirudi porini. Sisi wa Kiomboi tuna bati juu ya nyumba, na alizeti shambani, na makaburi ya wazazi wetu. Ukigombana na mtu leo, kesho mwaonana kisimani. Tena jambo letu lisingeponywa na asali, maana lilikuwa limeandikwa kwa wino. Lakini usiku ule tulipolala Munguli tulifikiri juu ya yule aliyekwenda kutafuta asali. Mwaka ujao akitaka kurudi, hana neno la kumeza. Sisi tulikuwa na maneno ya saa nzima.

Wasomaji wazijua habari za Abramu na Lutu, jinsi wachungaji wao walivyogombana na wenyewe wakaachana, huyu mkono huu, huyu mkono ule. Mahubiri ya kuachana kwao tumeyasikia mara nyingi. Sura ifuatayo husomwa mara chache, Lutu alipotekwa, na Abramu akatoka na watu 318 kumfuata.

Mwezi wa Februari mwaka 2024 nguruwe waliingia usiku katika shamba la viazi la mzee wetu. Chama chake kilikuwa kimebaki na mbwa wawili, na chama cha pili hakikutaka kusikia. Tulilisikia debe likipigwa gizani, pigo moja moja, kama lapigwa na mtu mmoja tu aliyechoka. Twaijua njia ya shamba lile hata macho yakifumbwa. Tulilala kitandani tukisikiliza mpaka debe likanyamaza.

Asubuhi tulichukua daftari tukaenda kwa kijana yule. Tulimwambia tuliyoyaona siku ile magengeni, na tuliyoyaandika, tukamwomba alifute jina kwa mkono wake mwenyewe. Akatikisa kichwa. "Nyama ilikwisha kuliwa, mwalimu," akasema. Akatuletea kigoda, lakini hakuketi pamoja nasi. Basi tukalifuta sisi wenyewe mbele yake, kwa kalamu nyekundu tusahihishiayo madaftari ya watoto, tukaandika jina lake juu.

Kisha tukaenda kwa mzee. Shamba lilikuwa limefukuliwa lote. Mzee hakutoka nje. Mkewe ndiye aliyelipokea daftari. Tulimfungulia ukurasa ule na kumwambia kilichobadilishwa, akalifunga, akalizungushia ncha ya kanga yake, akatuuliza habari za mtoto.

Mpaka tuandikapo maneno haya mzee hajatuambia neno, wala daftari halikurudishwa. Jumapili iliyopita alikuja kanisani akaketi katika benchi letu, ncha ya pili, na katikati wakaketi wajukuu wake watatu.