Moyo Nao Husema Uongo

Ndugu wasomaji, wengi wenu mnao watoto katika vyuo vya uuguzi na uganga. Mmeuza mihogo, mawese, hata mbuzi, ili kulipa ada. Na mkiona picha zao wamevaa nguo nyeupe, mnafurahi. Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo lisiloonekana katika picha zile, yaani mawazo yanayowatesa watoto hao usiku.

Mwaka jana binti wa kaka yangu aliingia katika ofisi yangu ya parokia. Mama yake hununua dagaa mwaloni Kibirizi, akawaanika na kuwauza, na kwa dagaa hao binti yuasoma uuguzi katika chuo kimoja, mwaka wa kwanza. Sikumtazamia, maana likizo ilikuwa bado. Akaniamkia, "Shikamoo, baba mdogo," akaketi, akasema, "Naomba uniandikie barua. Naacha chuo."

Kazi ya karani ni kuandika barua za watu, nami huziandika nyingi bila kuuliza neno. Hii niliuliza.

Kisa chenyewe kilikuwa kidogo. Wodini mwalimu alimwuliza mbele ya wenzake na wagonjwa: dripu ya lita 1 yatakiwa kuisha kwa saa 8, na mpira wake hutoa matone 20 kwa kila mililita, je, ni matone mangapi kwa dakika? Akajibu, "20." Siyo. Mwenzake mmoja akacheka. Mwalimu akaitengeneza dripu mwenyewe, na mgonjwa hakupata dhara lo lote. Lakini tangu siku ile usingizi ulimpaa. Kila akilala moyo ulimwambia: Wewe ni mjinga. Wote wamekwisha kukujua. Siku moja utaua mtu. Mama yako anatupa mali yake ziwani.

Nilimjibu vibaya. Nikasema, "Usifikiri mambo hayo, mwanangu. Sali, ulale." Akalia zaidi. Kumbe mtu hawezi kuamriwa asifikiri! Mwambie mtu asimkumbuke mbwa aliyemwuma, naye atamkumbuka mara mbili.

Ndipo nikakumbuka barua nyingine. Wengi wenu mwajua kwamba nilisomea ualimu, lakini sababu ya kuuacha sikupata kuwaeleza. Mwaka 2012, katika mazoezi ya kufundisha, mkaguzi aliketi nyuma ya darasa langu, nami nikakosea hesabu ya sehemu ubaoni. Watoto wakanirekebisha. Usiku ule moyo ukaniambia, "Wewe si mwalimu na hutakuwa." Nilimaliza chuo, nikapata cheti, walakini sikuomba kazi hata mahali pamoja. Niliandika barua ya kukataa nafasi niliyotafutiwa, nikaitia sahihi. Siulaumu ukarani, umenilisha mimi na watoto wangu. Lakini najua kwamba barua ile haikuandikwa kwa akili yangu. Iliandikwa na wazo moja la usiku ambalo sikuliuliza lo lote.

Basi nikamwambia binti, "Barua nitaandika. Lakini kwanza njoo uone kitabu hiki." Nikafungua kitabu cha ubatizo mahali penye jina lake. Limeandikwa jina, siku, wazazi, msimamizi, na padre aliyebatiza. Nikamwuliza, "Je, karani aliyenitangulia ameandika hapa kama utakuwa mjinga au mwerevu?" Akasema, "Hapana, baba." Karani huandika lililotokea, lenye mashahidi. Mengine hayaandiki, hata akiyaamini.

Nikachukua karatasi, nikapiga mstari katikati. Upande mmoja aandike yaliyotokea tu, upande wa pili yaliyosemwa na moyo. Upande wa kwanza ulikuwa na mistari miwili: nilikosea hesabu ya dripu, na mwenzangu alicheka. Upande wa pili ukajaa hata chini.

Kisha tukaliita kila neno mbele yetu kama barazani. "Wote wamekwisha kunijua." Mko wangapi darasani? 38. Waliocheka? Mmoja. "Mimi ni mjinga." Je, mitihani ya muhula uliopita? Alifaulu yote. Tulipofika penye "nitaua mtu," akanyamaza, nami nikanyamaza, maana neno lile lina ukweli ndani yake. Dripu ikikosewa yaweza kudhuru. Msomaji, msidhani nawafundisha kujidanganya kwamba mambo yote ni mema. Wazo lenye ukweli halifukuzwi, lapewa kazi. Tukafanya hesabu: mililita 1,000 mara matone 20 ni matone 20,000, saa 8 ni dakika 480, gawanya, wapata 42 hivi. Tukafanya nyingine saba. Ualimu wangu ukanirudia kidogo. Tukaandika pia kwamba asifungue dripu peke yake kabla ya kumwonyesha muuguzi mkubwa hesabu yake.

Alidhani ni yeye tu apatwaye na haya. Nikamwambia habari za mtu ambaye kumbukumbu yake twaipita kila tuendapo Ujiji. David Livingstone alikuwa mganga. Alipotahiniwa Glasgow mwaka 1840 alibishana na watahini wake juu ya chombo cha kusikilizia kifua, nao wakamkalisha katika mtihani mrefu na mgumu kuliko desturi, akafaulu. Mwaka 1871 alirudi Ujiji kutoka Manyema, mgonjwa, akakuta mali yake yote imekwisha kuuzwa. Akaandika katika daftari yake kwamba yeye ni kama yule aliyeangukia wanyang'anyi katika njia ya Yeriko, wala hatumaini kuhani, Mlawi, wala Msamaria kupita. Mali kuuzwa, hilo lilitokea. Kwamba hakuna atakayekuja, hilo lilikuwa neno la moyo tu. Na wakati huo huo Stanley alikuwa njiani kutoka Tabora na mizigo yake.

Mambo haya ya kuuliza mawazo sikuyabuni mimi. Daktari Aaron Beck wa Marekani, aliyefariki mwaka 2021 akiwa na miaka 100, aliyatumia tangu miaka ya 1960 kuwatibu wenye ugonjwa wa huzuni, ambao siku hizi huitwa sonona. Wala wanafunzi wa uganga si wachache katika ugonjwa huo. Mwaka 2016 wachunguzi walikusanya habari za wanafunzi wa udaktari wa nchi 43, wakaona zaidi ya robo wana sonona au dalili zake, na waliotafuta matibabu ni kama 16 tu katika kila 100 ya hao. Nadhani anayejifunza kutibu huona haya kutibiwa.

Kwa hiyo ukimpigia mwanao simu Jumapili hii, usimwulize alama peke yake. Mwulize kama analala, na kama anakula. Akikuambia kwamba kwa majuma mawili halali, hali, hana hamu ya kitu, au akigusia habari ya kufa, acha karatasi yangu na mstari wangu. Mpeleke hospitali upesi, kama vile ungempeleka mwenye homa kali, wala usimwache peke yake.

Binti alirudi chuoni siku ya tatu. Wazo lile humjia bado, hasa zamu ya usiku. Aniambia huliandika nyuma ya daftari kisha huenda kuhesabu matone. Barua yake niliiandika kama nilivyoahidi. Imo katika droo, chini ya vitabu vya risiti, haina sahihi. Juzi ameniuliza kama ningali ninayo, nikamwambia ninayo.